Kutoka Ubao hadi Kishikwambi: Majina ya Vyombo vya Kuandikia Darasani

Miongoni mwa maneno yaliyoingia vinywani mwa watu kwa haraka katika miaka ya karibuni, neno kishikwambi lina nafasi yake ya pekee. Kabla ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 2022, neno hili lilikuwa mali ya watu wachache wenye desturi ya kufuatilia orodha za istilahi. Makarani wa Sensa walipopita nyumba kwa nyumba na vifaa hivyo mikononi, badala ya madodoso ya karatasi, neno likapita pamoja nao. Na vifaa vilipogawiwa walimu baada ya Sensa kwisha, neno likaingia shuleni, likakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, likaandikwa katika madaftari ya kupokelea mali ya Serikali. Ni nadra istilahi kupata bahati ya kutembezwa namna hii nchi nzima, hadi mlangoni pa kila kaya.

Hata hivyo, mwalimu anayewasha kifaa hicho na kukichagulia lugha ya Kiswahili hukutana na jina jingine. Katika mfumo wa Google uliotafsiriwa kwa lugha yetu, kifaa kile kile huitwa kompyuta kibao. Barua ya Halmashauri yasema kishikwambi, kioo chasema kompyuta kibao, na wanafunzi, ambao hawana desturi ya kungoja barua, wanasema tabuleti. Mwalimu mmoja wa Kamunyonge, mjini Musoma, anayefundisha somo la TEHAMA, aliniuliza aandike lipi ubaoni. "Ndugu yangu," alisema, "ninyi mkishakubaliana huko, tuleteeni moja." Ombi hilo ni la haki, lakini haliwezi kutimizwa kwa kupiga kura tu. Yafaa kwanza tutazame jinsi vyombo vya kuandikia darasani vilivyopata majina yake katika Kiswahili, maana historia hiyo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, nayo ina mafunzo kwa anayetafsiri na kwa anayefundisha.

Katika pwani yetu, chombo cha kwanza cha mwanafunzi kilikuwa ubao. Katika vyuo vya Kurani mtoto aliandikiwa herufi kwa wino wa masizi juu ya ubao wa mti, akazisoma, akaziiga, akazihifadhi, kisha ubao ukaoshwa kwa maji ukawa tayari kwa somo la pili. (Kuandika na kuosha maandishi ni mambo yaliyokaa pamoja sana katika utamaduni wa pwani, anayejua kombe, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa sahanini yakanywewa na mgonjwa, hahitaji maelezo zaidi.) Lililo muhimu kwetu ni jina. Neno la Kiarabu lauhi halikuwa mbali, na kila Mwislamu hulisikia katika Lauhul-Mahfudhi, yaani Ubao Uliohifadhiwa. Lakini kile alichokipakata mtoto kiliitwa kwa neno la seremala, neno la Kibantu lililokuwa tayari sokoni na jahazini: ubao.

Kalamu, kwa upande wake, ilikuja na jina lake. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao asili yake ni Kiyunani, ambako lilimaanisha tete, mmea ule ule uotao kando ya Ziwa Victoria na ambao mtoto wa Musoma huukata bila kujua kwamba ameshika kalamu. Karatasi na daftari nayo yalipita njia hiyo hiyo, kutoka Kiyunani hadi Kiarabu hadi kwetu. Hivyo, tangu mwanzo, msamiati wa kuandika katika Kiswahili una tabaka mbili: kinachoandikiwa juu yake, kama kilifanana na kitu tulichokuwa nacho, kilipewa jina la hapa, kinachoandikia, pamoja na vile vitu vilivyotoka mbali vikiwa vimekamilika, vilipokewa na majina yake. Si kanuni iliyotungwa na kamati yoyote. Ni desturi ya wasemaji, na desturi ya wasemaji ndiyo mwalimu wa kwanza wa mtunga istilahi.

Shule za misheni, na baadaye shule za serikali za Wajerumani na Waingereza, zilileta kipande cha jiwe jeusi kilichotiwa fremu ya mti, pamoja na kijiti cha kuandikia. Wengine walikiita sleti, kwa kulifuata neno la Kiingereza. Wengine walikiita kibao. Hapo sarufi ya Kiswahili ilifanya kazi nzuri bila kelele: kile kikubwa kilichosimama mbele ya darasa kilibaki ubao, na kile kidogo kilicholala juu ya magoti ya mwanafunzi kikawa kibao. Kiambishi kimoja kiligawa darasa sehemu mbili, mbele kwa mwalimu na nyuma kwa wanafunzi, na hakuna mtoto aliyehitaji kufafanuliwa.

Sasa, msomaji atazame asili ya neno la Kiingereza linalotusumbua leo. Tabuleti ni kidogo cha tabula, na tabula katika Kilatini ni ubao. Warumi waliandika juu ya vibao vya mti vilivyopakwa nta, kwa kijiti chenye ncha upande mmoja na ubapa upande wa pili. Ncha iliandika, ubapa ukasawazisha nta na kufuta. Kwa hiyo neno lile lina maana ya kibao, si kwa kukaribia bali kwa muundo wenyewe: mzizi wenye maana ya ubao, na alama ya udogo. Mfasiri hapati mara nyingi ulinganifu kamili wa namna hii kati ya lugha mbili zisizo na undugu.

Mji wa Musoma umo katika historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza inajulikana: mwaka 1934 kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, alianza masomo katika shule ya Mwisenge mjini hapo, na mtu huyo ndiye aliyekuja kukifanya Kiswahili lugha ya utawala wa taifa, na kwa mkono wake mwenyewe akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili ni Azimio la Musoma. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana mjini hapo, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ipatikane ifikapo mwaka 1977 na si 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Uamuzi huo ulijaza madarasa kuliko idadi ya walimu, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha. Ulijaza pia mahitaji ya chaki, mbao, madaftari, na maneno. Mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilianza kutoa Tafsiri Sanifu, orodha za istilahi ambazo maofisa na walimu wengi walizoea kuziweka mezani.

Lakini mwaka huo huo wa 1974 jambo la tatu lilitokea, nalo halitajwi sana katika majarida ya lugha. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilikuwa imewekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na matumizi yake katika hesabu za Serikali hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Sina nia ya kuihukumu amri ile. Waliotoa walikuwa na hesabu zao, na fedha za kigeni zilikuwa chache. Ninachotaka kionekane ni athari yake kwa lugha. Miaka ile ndiyo iliyokuwa na ari kubwa ya kuunda istilahi, yenye kamati, semina na orodha. Na katika miaka ile ile kifaa hiki hakikuonekana na watu. Lugha haikipi jina la kudumu kitu ambacho watu hawakigusi. Ndiyo sababu majina ya mwanzo ya kompyuta, kama ngamizi na tarakilishi, yalitungwa mezani, mengine kwa ustadi mkubwa, yakasubiri kifaa. Kifaa kilipofika, kilifika na jina lake, na watu wa Tanzania wakasema kompyuta. Majirani zetu wa Kenya wamelitunza tarakilishi katika vitabu na katika matangazo, wakalizalia hata mtoto, kipakatalishi, nalo linaishi huko. Kwetu halikuota.

Huko Marekani wakati huo chombo tunachokizungumzia kilikuwa tayari kina umri. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha, katika chuo cha MIT, jinsi mtu awezavyo kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka uliofuata shirika la RAND lilitoa kibapa cha kuandikia kwa kalamu, kilichounganishwa na kompyuta, nao wahandisi wake hawakujisumbua kuunda neno jipya: waliokota neno la Warumi, neno la mtoto wa shule. Mwaka 1972 Alan Kay alieleza kompyuta ndogo ya kupakatwa ambayo watoto wangejifunzia. Miaka thelathini ilipita kabla ya kompyuta za kalamu kuuzwa kwa wingi, mwaka 2002, na nane nyingine kabla ya iPad kutokea mwaka 2010 na kuwafanya watu waache kalamu na kutumia vidole.

Kwa nini walimu wa sayansi ya kompyuta, watu ambao kazi yao ni kuchapa, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuihitaji kalamu darasani? Jibu lake latufaa sisi pia. Somo hilo lina michoro mingi kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu huchora mishale, huzungushia duara, hukata na kuandika tena, hufuata programu mstari kwa mstari huku akibadilisha thamani pembeni. Kicharazio hakiwezi kazi hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Richard Anderson na wenzake walitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu iliyoitwa Classroom Presenter: mwalimu aliandika kwa kalamu juu ya ukurasa anaoufundisha, ukurasa huo ukaonekana katika vifaa vya wanafunzi, nao wakachora majibu yao na kuyarudisha kwake, kisha mwalimu akachagua baadhi na kuyaonyesha mbele ya wote bila jina la mwenyewe. Mwanafunzi mwenye haya aliweza kukosea hadharani pasipo kuonekana. Mtu aliyefundisha darasa la wanafunzi sabini anajua thamani ya jambo hilo.

Na hapa Kiswahili kina utajiri ambao hatujautumia ipasavyo. Kinachochorwa sana katika somo hilo ni mti, ambao wataalamu huuchora mzizi ukiwa juu na majani chini. Kila lugha inabidi iwaombe radhi wanafunzi kwa mti wa namna hiyo, isipokuwa kwetu, ambako kila mtoto amesikia hadithi ya mbuyu uliopandwa kichwa chini. Mpangilio ambao wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kuhudumiwa ni foleni, na hakuna anayehitaji kuelezwa foleni ni nini. Mpangilio ambao cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kuchukuliwa ni rundo: sahani zilizooshwa, au madaftari juu ya meza ya mwalimu. Mzizi, tawi, jani, foleni, rundo, mshale: maneno sita, na nusu ya somo la kwanza imekwisha kuelezwa. Mwanafunzi wa sekondari hulisikia somo hilo kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia katika ngazi yake. Lakini mwalimu anapogeuka kutoka ubaoni na kuwatazama nyuso, aghalabu huanza upya kwa Kiswahili, na saa hiyo ndipo istilahi zetu hupimwa.

Jaribio kubwa la vifaa hivi kwa Kiswahili halikufanyika chuoni bali vijijini. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vifaa vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakishirikiana na Serikali. Watoto waliotajwa kuwa hawajawahi kwenda shule walikuwa asilimia 74, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10 mnamo Mei 2019. Watoto wale waliandika herufi kwa kidole juu ya kioo, wakafuta, wakaandika tena. Babu wa mtoto wa Pangani aliyesoma chuoni kwa ubao na maji angeitambua kazi hiyo mara moja.

Wala si kazi tu. Hata kitenzi kimerudi. Simu zenye kioo cha kuguswa zilipoenea, watu waliziita simu za kupangusa. Hakuna kamati iliyopendekeza neno hilo. Mkono uliopita juu ya kioo uliwakumbusha watu mkono unaopangusa vumbi la chaki, wakalisema, likakaa. Kadhalika, neno kiwambo, ambalo ni zuri na lina asili ya ngozi iliyowambwa, limeshindwa na kioo katika mazungumzo ya kila siku. Tusisikitike sana. Kiwambo kibaki katika maandishi ya kitaalamu kwa anayelihitaji. Fundi wa simu wa Musoma atauliza tu kama kioo kimepasuka.

Sasa turudi kwenye majina matatu. Tabuleti lina sifa moja, kwamba linaeleweka, na kasoro moja, kwamba hospitalini na katika maduka ya dawa lina kazi nyingine. Kibao pekee lingekuwa tafsiri kamili, kama nilivyoonyesha, lakini limelemewa na mizigo. Kibao ni tangazo la barabarani, ni wimbo uliopendwa, ni kitu cha kukunia nazi, na ni kofi. Sentensi "Mwalimu alimpa mwanafunzi kibao" yaweza kuwa taarifa ya maendeleo au mashtaka ya nidhamu. Waliotafsiri mfumo wa Google waliliona hilo, wakaongeza kompyuta mbele yake. Maana ikatulia, ila jina likawa la maneno mawili, na wingi ukapotea. Katika daftari la mali, "kompyuta kibao" haisemi kama ni moja au ishirini, na "kompyuta vibao" haisemwi na mtu. Kwa mtunza stoo hilo si jambo dogo.

Kishikwambi lina umoja na wingi ulio wazi, ni neno moja, halina maana nyingine ya kugombana nayo, na msikilizaji husikia ndani yake kushika. Wanaolilaumu husema mwisho wake haumwambii kitu mtu wa kawaida. Ni kweli, lakini hoja hiyo ingeyaua maneno mengi tunayojivunia. Ngeli lilitoka Kihaya, na mwanafunzi wa Tarime hakulikuta likimwambia kitu. Bunge na ikulu yalitoka katika lugha za magharibi ya nchi, na mtu wa Mtwara aliyapokea akiyasikia kwa mara ya kwanza. Maana ililetwa na matumizi. Kishikwambi limekwisha kupata matumizi hayo, tena kwa njia ya Serikali na kwa mkono wa mwalimu, na maoni yangu ni kwamba ofisi za umma ziendelee nalo bila kuyumba. Waliotafsiri mifumo ya kompyuta nao waombwe walifuate, kwa kuwa ni rahisi kubadili neno katika programu kuliko katika vinywa vya walimu.

Lakini kibao kisitupwe. Kuna chombo kingine ambacho kimesahaulika katika mabishano haya: kile kibapa kisicho na kompyuta ndani yake, kisicho na kioo, ambacho huunganishwa na kompyuta kwa waya na kuandikiwa kwa kalamu, maandishi yakatokea pengine. Walimu wengi wa hisabati na wa kompyuta walikijua walipoanza kufundisha kwa njia ya mtandao. Hicho si kishikwambi, na kukiita hivyo kutawapotosha wanunuzi wa Serikali, maana bei yake na kazi yake ni nyingine kabisa. Ndicho mrithi halisi wa sleti, na ndicho kilichotoka katika ukoo wa kifaa cha 1964. Napendekeza kiitwe kibao cha kuchorea. Ule mkubwa wa ukutani, unaoguswa na kuitika, wengine wanauita ubao janja kwa kufuata simu janja; mimi naona ubao shirikishi unafaa zaidi, kwa sababu walimu wamekwisha kuzoea mbinu shirikishi katika mihtasari yao, na ujanja wa chombo haumhusu mwanafunzi kama kushirikishwa kwake. Wapo wanaopendelea ubao wa maingiliano. Mwalimu yeyote wa kidato cha pili atawaambia kwa nini kuingiliana hakuwezi kutamkwa mbele ya darasa lake bila dakika tano za kicheko.

Inabaki kalamu. Nimeona mapendekezo ya kuipa jina jipya inapoandika juu ya kioo, kwa hoja kwamba haina wino. Kijiti cha sleti nacho hakikuwa na wino, wala kijiti cha Warumi. Kalamu ilikuwa tete, ikawa unyoya, ikawa ya chuma, ikawa ya risasi, na kila mara ilibaki kalamu. Panapohitajika kutofautisha, kwa mfano katika zabuni, iandikwe kalamu ya kishikwambi au kalamu ya kibao cha kuchorea, kwa sababu ya kwanza mara nyingi haifanyi kazi kwenye cha pili.